Toleo la Arobaini na Moja

Duka la Farquhar liko chini ya ngazi, Dundee, mtaa wa Perth.
Unainama kuingia, kama mtu anayefuata mayai bandani.
Harufu ni ile ile: karatasi kuukuu, unyevu,
koti la mvua la mtu mwingine.
Nina miaka hamsini na mitatu na goti bovu,
nimeacha gari kwenye mistari ya njano
kwa ajili ya mwanamke wa wino.

Bi Dira. Joho la kijani, sindano ya sumaku kifuani.
Hapotei. Hakupotea hata Profesa Ukungu
alipoufunika mji mzima kwa moshi wa kiwanda chake.
Sisi, tuliopotea tangu uwanja wa ndege,
tulimpenda papo hapo.

Baba alitoka Tanga na elimu ya katani
akaja kusomea mashine za juti
viwanda vya juti vikifungwa kimoja kimoja.
"Nimekuja matangani na kanzu ya harusi," alikuwa akisema,
na Mama hakucheka.
Jumamosi jioni alitumbukiza sarafu kwenye mita ya umeme,
televisheni ikakohoa, ikapata sura,
Doria ya Zohali ikapaa.

Majuzi nimeitazama tena, vipindi sita kwa usiku mmoja.
Chombo cha anga ni sufuria. Naapa, mpini unaonekana.
Jitu la sayari ya nne lina zipu mgongoni,
mwamba unayumba luteni akiuegemea,
na luteni mwenyewe, jabali letu,
anasoma hotuba ya kufa iliyobandikwa mahali:
macho kushoto, kulia, kushoto.
Nililia palepale nilipolia nikiwa na miaka tisa.
Taa za sufuria zilipozimika
nikajikuta nimeushika mkono wa kiti.

Si yote niliyoyasamehe.
Toleo la ishirini na saba, Bi Dira anafika Afrika.
Afrika ni msitu mmoja, una chui-milia,
na watu wenye midomo kama maandazi
wanaomwabudu kwa sababu ana kiberiti.
Yeye asiyepotea, hapo alipotea.
Kaka yangu Mhina alichukua kalamu ya bluu,
akafuta maneno ya mzee mmoja aliyepiga magoti
akamwandikia mapya:
"Mama, hao chui-milia mmewatoa wapi?"

Toleo la arobaini na moja tulilipata kwenye boksi la kanisa,
peni mbili, ukurasa wa mwisho umechanwa.
Bi Dira ananing'inia darajani. Treni inakuja.
Sindano ya kifuani imevunjika
na kwa mara ya kwanza hajui kaskazini.
Kisha uzi wa mshono, basi.

Mhina akawa ukurasa.
Kila usiku, chini ya blanketi moja,
alimalizia upya: mto uliganda,
daraja lilijikunja kama paka,
dereva wa treni alikuwa Bibi yetu wa Muheza
aliyeshuka na kufoka, nani ameacha mtoto hapa?
Usiku mmoja, amechoka, alisema tu:
Bi Dira alimwuliza mchukuzi njia, akaonyeshwa.
Huo ndio niliokwenda nao shule.

Farquhar analo. Pauni kumi na nane, ndani ya nailoni.
"Limetimia?"
"Limetimia."
Nikalipa, nikatoka, nikakuta faini kwenye kioo,
nikakaa garini na vyote viwili mapajani.

Nikampigia Mhina, Winnipeg, kwake asubuhi.
"Nimelipata. Arobaini na moja. Zima."
Nilisikia koleo lake likikwangua theluji,
kisha likaacha.
"Usiniambie," alisema.
"Sijafungua."
"Usifungue basi. Ngoja. Nikumbushe kwanza,
yule dereva wa treni, mimi nilisema alikuwa nani?"